Alama za Kuuliza za Ochieng

Homa Bay, Jumatano, Aprili 1998. Mvua tangu asubuhi, ile ya kunyesha polepole bila hasira. Kutoka dirisha la ofisi ziwa halionekani, wala kilima cha Asego. Mji mzima umejifunika blanketi.

Shajara, nimekunyamazia tangu Pasaka. Usininunie. Sikuwa na jipya la kukuambia, na mtu hawezi kuandika "bado hajarudi" kila siku asionekane amechanganyikiwa. Leo ninalo la kuandika.

Nianze na ramani, maana kila kitu kilianzia hapo.

Mimi na mdogo wangu Ochieng, anayenifuata tumbo moja, tuliajiriwa pamoja katika huu mradi wa maji na afya. Kazi yetu ni kuchora Migori na Homa Bay kwenye shiti moja kubwa ya kuchorea: miji miwili jirani, kila mmoja na mitaa yake, vichochoro vyake, bomba zake na vyoo vyake vya soko. Nakala zitapewa wahudumu wa afya watakaopita nyumba kwa nyumba. Injinia wetu ni mtu wa Nakuru, hajui Kijaluo hata cha salamu, lakini ni mtu mzuri. Siku ya kwanza alituambia, "Hii miji inakua kila siku. Wilaya zenyewe zinakatwa kila mwaka kama mkate. Sitaki picha ya ukutani, nataka ramani ya kufuta na kuchora tena." Ndiyo maana kila kitu tulikichora kwanza kwa penseli, kwenye filamu ile inayopitisha mwanga. Penseli unaifuta kwa raba. Wino huja mwisho, na ukishaweka wino, kosa lako utalikwangua kwa wembe huku ukitokwa na jasho.

Tuligawana miji. Nikachukua Homa Bay kwa sababu ninaishi hapa hapa, mtaa wa Makongeni, na miguu yangu haipendi safari. Ochieng akachukua Migori bila hata kuulizwa. Aliupenda ule mji kama watu wengine wanavyopenda timu ya mpira. Huko kuna Mjaluo, Mkuria, Mluhya, Msomali, na kila mmoja anauza kitu. Alikuwa akirudi Ijumaa anaongea mpaka chai inapoa.

Ukiitazama ile shiti huhitaji kuambiwa nani alichora wapi. Juu, Homa Bay, mistari yangu ni myembamba, ya mtu anayeogopa kuamsha karatasi. Chini, Migori, mistari yake ni minene. Ochieng alikuwa akikandamiza penseli kana kwamba anachimba mtaro. Nilimgombeza mara nyingi. "Utatoboa filamu ya serikali," nikamwambia, naye akajibu kwamba barabara ni lazima ijue kuwa ni barabara.

Mahali ambapo hakuwa na uhakika aliweka alama ya kuuliza, ndogo, yenye tumbo. "Nitarudi," alikuwa akisema, na kweli, kwa kawaida alirudi.

Novemba, katikati ya ile mvua ya Elinino, alichukua nakala yake, akaizungusha ndani ya mrija wa plastiki, akaenda Migori kuondoa alama zake za kuuliza.

Sasa ni Aprili.

Unajua tulivyomtafuta. Tulienda polisi, tukaenda hospitali, tukaenda na kule chumba cha maiti ambako niliingia peke yangu kwa sababu Mama hakuweza na Akoth, mkewe, alikuwa amekaa chini nje na hakutaka kuinuka. Hakuwepo. Nilitoka nikiwa karibu kucheka. Hakuwepo, kwa hivyo yuko.

Halafu wakaanza kumwona. Mwenye duka la vitambaa, Bwana Salim, alisema alimwona akipita karibu na posta. Mtu mwingine alimwona Sirare mpakani. Mwingine akasikia amevuka kwenda Tanzania kutafuta dhahabu. Watu wana huruma, hawapendi kukurudisha mikono mitupu. Kila aliyemwona alimwona mzima, amenenepa kidogo, ana haraka. Na mimi kila nilipoambiwa nilikwenda. Nilisimama nje ya posta ya Migori nikitazama visogo vya wanaume mpaka askari akaniuliza nina shida gani.

Nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilimwomba Mungu kwamba Ochieng awe mhuni. Awe na mwanamke mwingine ng'ambo ya mpaka, awe ametusahau sote, awe anakula nyama na kutucheka. Nilikuwa nimeshaandaa matusi ya kumpokea nayo.

Mama hakuomba hivyo. Mama alijua tangu Desemba.

Nyumbani kwetu ni Magunga, na Mama hajawahi kuiona Migori wala kuishika ramani. Lakini asubuhi moja, nilipokuwa nimeenda kumwona, aliniita jikoni kwake akafunga mlango. "Awuor nyara," akaniambia, na anaponiita binti yake kwa sauti ile huwa najua si neno dogo, "ndugu yako anakuja usingizini. Anasimama pale langoni. Viatu vyake viko mkononi, na suruali ameikunja mpaka magotini. Namwambia ingia, hataki. Anasimama tu."

Nilimuuliza kwa nini ashike viatu mkononi. Mama akasema yeye hajui, ameona tu alichoona. Nilikasirika. Nilimwambia ndoto ni chakula cha jioni kilichokaa vibaya. Lakini tangu siku hiyo, kila nikifika lango la nyumbani, nimekuwa nikipita pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake.

Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, haachwi hivyo hivyo. Linakatwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwenye mti kama mtoto aliyelala, na linazikwa badala yake, kwa kaburi, kwa machozi, kwa wageni na chakula, kila kitu. Baada ya hapo aliyepotea anakuwa na mahali pa kulala. Na walio hai pia wanapata usingizi.

Mama alitaka kufanya hivyo tangu mwaka ulipoanza. Kilichomzuia ni mimi. Aliwaambia wajomba na kila mtu, mbele yangu, "Awuor ndiye alikuwa naye kazini. Yeye ndiye anasema mtoto ameonekana. Sitamzika mtu ambaye dada yake anasema anatembea. Siku atakayokubali, tutazika."

Kwa hivyo ilikuwa juu yangu. Na Akoth naye alikuwa juu yangu, maskini, si mke si mjane. Akiulizwa mumewe yuko wapi hana jibu ambalo halitamfanya mtu amwangalie vibaya. Anapika, anapakua sahani ya Ochieng, anaifunika, halafu asubuhi anakula mwenyewe kile chakula baridi. Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Pasaka nilikwenda. Njiani kabla ya kufika kwetu kuna mti wa yago, naujua tangu utotoni, tulikuwa tukiyapiga matunda yake mawe. Niliinua macho nikaona tunda moja limefungwa kitambaa. Cha buluu. Kilikatwa kwenye shati la Ochieng, lile la mistari alilokuwa akivaa kanisani. Mama alikuwa amelichagua na kulitia alama mtu mwingine asije akalikata. Upepo ulikuwa ukilitikisa.

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa lile tunda. Nilifika nyumbani nikapiga kelele, shajara, kelele za mtu aliyerukwa na akili. Nilimwambia Mama anamzika mtu hai. Nikaondoka bila kula. Chakula kilikuwa kimeshatengwa, kuku alikuwa amechinjwa kwa ajili yangu, na nikaondoka. Mama hakunifuata. Alisema tu kwa nyuma yangu, "Jumamosi ya tatu kutoka leo wajomba watakuwa hapa. Ukija na neno, tutazika. Ukikosa, watakula waende zao."

Jumamosi hiyo ni hii inayokuja.

Basi nikarudi kazini na kuinamia ramani, maana kazi haiulizi mtu amelala vipi. Injinia amenivumilia tangu Novemba. Wiki iliyopita alikuja akasimama kando ya meza, akakohoa, akasema, "Awuor, pole sana, unajua. Lakini hii ramani lazima itoke na wino. Upande wa Migori bado ni penseli." Nilijua. Upande wangu niliumaliza zamani. Upande wake nilikuwa naukwepa.

Kupitisha wino juu ya penseli ya mtu ni jambo la ajabu. Mkono wako unalazimika kwenda alikokwenda wake. Nilihisi mahali alipokata kona kwa haraka, mahali aliposita. Mahali alipopumzika ameacha kidoti, nami nikajikuta napumzika hapo hapo. Ni kama kutembea nyuma ya mtu barabarani, mgongo unaujua, lakini hageuki. Mara mbili niliinua kichwa kumuuliza kitu. Kiti chake kiko kule kule, upande wa dirisha, na hakuna aliyethubutu kukikalia, hata wageni hukizunguka bila kuambiwa.

Alama za kuuliza singeweza kuzipitishia wino. Zilikuwa chache zilizobaki, na zilitaka mtu aende. Nikaomba ruhusa, nikaenda Migori, safari hii nikiwa na nakala mkononi badala ya picha yake.

Ya kwanza ilikuwa mtaa wa Oruba, kwenye banda moja la mabati. Nilipofika nikaelewa kwa nini alishindwa. Siku za kazi ni kinu cha posho. Jumamosi mashine inafunikwa shuka, viti vinapangwa, na Wasabato wanasali humo. Mwenye kinu alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Nilipomwonyesha ramani akacheka. "Ah! Kijana wa karatasi! Huyo alikula ugali yangu hapa, halafu ananiuliza, mzee, wewe ni kanisa ama ni posho mill? Mi nikamwambia, inategemea umekuja siku gani." Akaniuliza yuko wapi siku hizi. Nikasema yuko kazini. Nikaandika zote mbili, kinu na kanisa, nikafuta alama yake.

Inategemea umekuja siku gani. Neno hilo lilinipita sikioni siku ile kama mzaha. Ningelishika.

Nyingine ilikuwa kichochoro ambacho mwenye ploti amekiziba kwa mabati. Nyingine, mtaro uliogeuka kuwa barabara kwa sababu watu walichoka kuuruka. Nikafuta, nikachora, nikafuta tena. Kila niliyekutana naye nilimuuliza mambo mawili, la ramani na la ndugu yangu. La ramani nilijibiwa.

Jana nilibakiza moja tu.

Hii nilikuwa nimeiona mara nyingi mezani, na nilikuwa nimeicheka. Chini ya soko Ochieng alichora njia inayoteremka mpaka Mto Migori, na haikomei hapo. Inavuka. Mstari mmoja mnene, sawasawa na barabara, unapita juu ya mto mpaka ng'ambo, bila alama ya daraja, na ng'ambo kuna duara dogo na alama ya kuuliza. Kando ya njia ameandika kwa herufi zake za kuinama: Yor Mon. Njia ya wanawake. Nilipouona mstari ule nilijisemea, kijana huyu amechora njia juu ya maji kama mtume Petro. Nikadhani ni uvivu, kwamba daraja lilikuwepo na akasahau kuliweka.

Nilishuka na ile njia jana mchana. Inapita kati ya tanuri la matofali na shamba la sukuma wiki, udongo mwekundu, unateleza. Mvua ilikuwa imekatika. Nilianza kuusikia mto kabla ya kuuona. Njia ikashuka, ikaingia ndani ya maji, ikaisha. Hakuna daraja. Hakuna hata gogo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yanakwenda kwa nguvu, yamebeba matawi. Nilisimama nimeshika ramani nikatazama mstari mnene wa ndugu yangu, nikatazama mto.

Mwanamke mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe ukingoni. Ni Mkuria aliyeolewa pale, anaitwa Mama Boke, hayo niliyajua baadaye. Kijaluo changu na Kikuria chake havikutani, tukaongea Kiswahili.

"Dada, unatafuta nani?"

"Natafuta hii njia."

"Si ndio umesimama juu yake." Akanyoosha panga kuelekea majini. "Iko. Lakini saa hii maji imekalia. Tangu hiyo mvua kubwa ya mwaka jana, haijatoka."

Akanieleza bila haraka. Chini ya maji kuna mawe mapana, yamejipanga mpaka ng'ambo kama yamewekwa na mtu. Kiangazi kikiwa kikali mto unashuka, mawe yanatoka, na wanawake wote wa ng'ambo wanapita hapo na mizigo kwenda soko, maana daraja ni mzunguko mrefu. Mwaka jana mwanzoni, wakati wa ule ukame, watu walipita hapo wengi kuliko darajani.

"Unatoa tu viatu," akasema Mama Boke, "unashika kwa mkono, unakunja nguo, unavuka."

Shajara, nilivitazama viatu vyangu.

Sikuuliza. Nadhani nisingeuliza kamwe, ningerudi zangu. Lakini yeye alikuwa ameiona karatasi.

"Kuna kijana mwingine alikuja na karatasi kama hiyo. Mrefu, anacheka cheka. Ni ile wakati ya mvua. Nikamwambia, kijana wangu, rudi kwa daraja, maji imekalia njia. Akaniambia, Mama, hii njia naijua, nimeichora mimi mwenyewe. Akakaa kwa hiyo jiwe akatoa viatu." Jiwe lenyewe lilikuwa pale, hatua chache kutoka nilipokuwa. "Mi nikaenda kufunga ng'ombe, mvua ilikuwa inakuja tena. Kurudi, hakuna mtu. Nikafikiria amenisikia. Nikafikiria ameenda kwa daraja."

Halafu akanitazama usoni vizuri, akalitua panga.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

"Uuwi. Pole, dada. Mimi sikujua mtu amepotea. Hakuna mtu alikuja kuniuliza."

Ni kweli. Hakuna aliyekwenda. Tuliuliza madukani, tukauliza stendi, tukauliza posta. Tuliwauliza watu waliokuwa wamekaa mahali pakavu, na watu wa mahali pakavu walitupa maneno matamu. Mtoni hakuna aliyeshuka kuuliza, kwa sababu kwenye akili zetu sote Ochieng alikuwa mtu wa mjini, mtu wa mitaa. Kumbe kwake yeye mto pia ulikuwa mtaa.

Nililia pale, sitaficha. Mama Boke alinikalisha kwenye majani yake aliyokata, si kwenye lile jiwe, alinivuta mkono nisilikalie. Alisema kwao pia mto umewahi kuchukua watu.

Nilipoweza kusimama nilimuuliza kitu kimoja: ng'ambo kuna nini pale, penye duara? Akasema ni pampu ya mkono. Ilikuwa ikiharibika, ikitengenezwa, ikiharibika. Nikaelewa. Ochieng alitaka tu kujua kama pampu inafanya kazi. Alama ndogo yenye tumbo, na hiyo ndiyo ilikuwa yote.

Nilizunguka kwa daraja. Ulikuwa mwendo mrefu na jua lilitoka likanichoma, na njia nzima nilikuwa nikimtukana. Mjinga wewe. Mjinga, mjinga, ungetembea tu kama mimi ninavyotembea. Nilifika. Msichana alikuwa akipampu na maji yalikuwa yakitoka safi, mengi. Nikaomba ninywe. Nikatoa penseli, nikafuta alama yake ya kuuliza, nikaandika inafanya kazi. Nimekujibia, Ochieng.

Tangu jana nafikiria jambo moja. Ofisini kwetu tuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: njia ni pale watu wanapopita. Ukiwaona wanapita, chora. Hatujali kama ina jina serikalini, hatujali kama ina lami. Ni desturi nzuri, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiitetea kwa injinia. Lakini hatukuwahi kuandika wanapita lini. Ochieng aliwaona wanawake wakipita kwenye ukame, akachora mstari mnene unaojua kuwa ni njia. Akarudi wakati wa mvua, mwanamke wa pale akamwambia rudi, naye akaiamini penseli yake kuliko mto.

Siwezi kumcheka. Mimi nami nimeziamini habari za Bwana Salim kuliko usingizi wa Mama.

Leo asubuhi injinia aliuliza kama nimemaliza. Nikamwambia yote. Alikaa, akavua miwani, akaifuta muda mrefu ingawa haikuwa chafu. Kisha akasema, kwa upole, "Basi hiyo njia ifute. Njia iliyo chini ya maji si njia. Mtu mwingine asije akaifuata."

Nikashika raba. Nikaishika mpaka ikapata joto mkononi.

Nikiuacha mstari vile ulivyo, mtoto wa mtu mwingine, msichana aliyetoka kuajiriwa na begi lake la dawa, atasimama ukingoni na karatasi yetu na kuiamini. Hilo siliwezi. Lakini nikiufuta kabisa, kiangazi kitakuja, mawe yatatoka, wanawake watapita na mizigo vichwani, na ramani itawaambia hawapo. Na mimi nitakuwa nimemfuta. Mama Boke hakusema njia haipo. Alisema iko.

Nikafuta. Halafu nikaichora upya kwa mistari iliyokatika katika, kistari, nafasi, kistari, nafasi, tokea sokoni mpaka ng'ambo. Kando ya Yor Mon nikaandika: kiangazi tu. Mkono wake mzito ulikuwa umeacha mfereji kwenye filamu, raba haiufikii. Kalamu yangu ya wino ilikuwa ikiteleza humo yenyewe, kila nilipotaka kupinda ilirudi kwenye mstari wake. Nikaiacha iende.

Injinia alikuja kuangalia. Nilidhani atabisha. Akasema, "Ongeza ukubwa wa herufi. Isomeke vizuri." Akaenda.

Ramani imekwisha. Haina alama hata moja ya kuuliza. Nimeitazama nikasubiri kuona kama nitaogopa, sikuogopa. Nimechoka tu. Nimekwenda nikakaa kwenye kiti cha Ochieng upande wa dirisha, kwa mara ya kwanza, na ndiko ninakokuandikia. Kinayumba mguu mmoja. Hakuwahi kusema kinayumba.

Sina mwili wa kumpelekea Mama. Bado kuna sauti ndani yangu inayosema labda alivuka, labda alitokea ng'ambo akaenda zake na suruali yake imelowa. Nadhani sauti hiyo itazeeka pamoja nami. Lakini Akoth hawezi kuendelea kula chakula cha jana kwa ajili ya sauti yangu.

Kesho naondoka na gari la kwanza la Magunga. Nitapita chini ya ule mti na nitaliangalia tunda, sitainamisha kichwa. Nikifika langoni nitapita katikati. Mama atauliza nimekuja na neno gani, na sitamweleza habari za ramani, wala ukame, wala mawe, hayo yatakuja baadaye. Nitakaa jikoni kwake, nile chochote atakachonipakulia, halafu nimwambie: Mama, uliona sawa, alikuwa amevua viatu. Jumamosi tulikate.